Mtani Kasema Udongo Umechacha

Mimi ni mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi, na kwa miaka mingi nimewafundisha watoto wa Tabora tofauti ya tindikali na besi. Nalitaja hilo mapema ili msomaji asije akanitetea huko mbele. Niliyoyafanya niliyafanya kwa akili timamu na kwa elimu kamili.

Mama yangu anaishi Itetemia, pembezoni mwa mji, katika nyumba aliyoachiwa na baba. Nyuma ya nyumba kuna shamba la ekari moja na kipande. Mimi nakaa Chemchem. Kwa bodaboda ni safari fupi tu, lakini kwa mama ni kama nimehamia nchi nyingine. Mume wangu alipofariki, na watoto wangu wawili walipokwenda kutafuta maisha, mmoja Mwanza na mwingine Dar es Salaam, nilianza kumwambia mama aje akae nami. Nilimwambia magoti yake yamechoka, kisima kiko mbali, vibaka wameongezeka. Niliandaa chumba, nikanunua kitanda kifupi ili asipate taabu kukipanda, nikafunga neti mpya. Mama akaja kukiona. Akakaa kitandani, akalidundadunda godoro, akasema, "Kizuri. Mgeni akija atalala vizuri." Kisha akarudi kwake na bodaboda ileile iliyomleta.

Kilichomshikilia kule ni shamba. Alishasema mara nyingi kwamba siku atakayokula unga wa dukani ndiyo siku atakayokuja kulala kwenye kitanda changu. Zamani maneno hayo yalinikatisha tamaa, kwa sababu shamba lile lilikuwa likitulisha sote, na mashemeji wa kutosha. Lakini miaka ya karibuni kiduha kilikuwa kimeingia.

Asiyelima hakijui kiduha, na akikiona atakipiga picha. Ni mmea mfupi wenye maua mazuri ya zambarau, unachomoza katikati ya mahindi kana kwamba umealikwa. Chini ya ardhi mizizi yake imeng'ang'ania mizizi ya mahindi na kuinyonya. Ukikiona kimechanua, ujue kimeshakula na kushiba. Mahindi yanabaki ya manjano, yamejikunja kama yenye kiu hata siku ya mvua. Ukiking'oa leo, mbegu zake zilishamwagika jana, na ni ndogo kama vumbi. Kwetu hata mtu anayejua saa ya chakula ya kila nyumba tunasema ni kiduha.

Mama alipambana nacho kwa jembe na kwa mbolea. Baba alikuwa amelima tumbaku pale miaka mingi, akiimwagia mbolea ya chumvichumvi, na mama akaendelea kuimwaga chumvichumvi ileile kwenye mahindi. Kadiri mahindi yalivyodhoofika ndivyo alivyoongeza. Mwaka wa tatu wa mavuno mabaya alikasirika, akaapa mbele yangu na mbele ya kuku wake.

"Msimu ujao nikikosa magunia manne, nafunga virago nakuja Chemchem. Utaninywesha chai ya maziwa kama mgonjwa."

Mama ni Mmoraviani, mwimbaji wa kwaya ya akina mama. Hasemi neno halafu akalimeza. Nilirudi nyumbani siku ile nikafua mashuka ya kitanda kifupi, huku nikiimba.

Hapo ndipo alipoingia bwana shamba mpya wa kata. Alikuwa Mzaramo, na sisi ni Wanyamwezi, kwa hiyo ni mtani wetu. Utani huo ni wa tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kutoka huku hadi pwani na kupita kwenye ardhi ya babu zao. Mtani anaruhusiwa kukutukana, kukucheka msibani na kuondoka na kitu chako, nawe huna ruhusa ya kununa. Huyu aliichukulia haki hiyo kwa uzito kuliko kazi aliyoajiriwa. Wiki moja kabla hajafika nyumbani kwa mama, kwenye msiba wa jirani, alishuka kaburini kabla ya jeneza, akalala chali na kusema hatoki mpaka aletewe soda ya baridi. Akaletewa. Akauliza kama hakuna ya chungwa.

Alifika Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, joto likiwa limekaza na kila mtu akiyatazama mawingu. Mimi nilikuwapo.

"Hodi kwa wapagazi wangu! Mizigo mmeitua wapi?"

"Karibu, mwizi wa pwani," mama akajibu, bila kuinua kichwa kutoka kwenye ungo. "Babu zangu walitembea miezi mitatu na pembe za ndovu begani, wakafika kwenu mkawauzia maji."

"Tuliwahurumia. Wangekufa, nani angetubebea?"

Akafunua sufuria jikoni, akachukua kipande cha muhogo, akala amesimama. Baada ya hapo akaenda shambani. Alichimba sehemu tano, akachanganya udongo kwenye ndoo, akatia kidogo kwenye kichupa chenye maji na dawa, akakitikisa. Maji yakatulia yakiwa na rangi ya kuelekea chungwa. Akayalinganisha na kadi yake ya rangi, akakuna kichwa.

"Mama," akasema, "udongo wako umechacha."

Mama akaangua kicheko. "Umechacha? Kwani ni maharage ya juzi?"

"Umechacha kweli. Unataka chokaa."

"Niupake chokaa! Na chini niuzungushie rangi ya bluu, kama hoteli ya stendi?"

Hapo bwana shamba alijiponza mwenyewe. Mtani hawezi kuona mlango umefunguliwa akaacha kupita. "Upake," akasema, "na uandike juu yake: Karibuni Wapagazi, Chai na Vitumbua."

Wakacheka wote wawili mpaka mama akashika kiuno. Kicheko kilipoisha, yule bwana akajaribu kurudi kwenye kazi yake. Akaeleza vizuri sana, nami kama mwalimu nampa alama zote. Alisema udongo ukiwa na tindikali nyingi, mizizi ya mahindi inadumaa, na hata chakula kilichomo ardhini kinakuwa kama kimefungiwa kabatini. Kiduha hakijali, kwa sababu chenyewe hakijipikii. Kinatafuta tu mahindi manyonge ya kunyonya. Chumvichumvi ya miaka yote ile ndiyo iliyouchachusha udongo, na kila mama alipoiongeza alizidi kukiandalia kiduha meza. Dawa yake ni chokaa ya kilimo kabla ya mvua, samadi ya ng'ombe kwa wingi, na kuachana na chumvichumvi.

"Chokaa haitakiua kiduha," akasema. "Itayapa mahindi nguvu za kusimama. Kukipunguza itachukua misimu."

"Yaani mbolea ndiyo inayoniua kwa njaa?" Mama akampungia mwiko. "Mzaramo wewe, babu zako walituchelewesha njiani, na wewe umekuja kunichelewesha kupanda!"

Bwana shamba akaaga. Alipofika kwenye tundu la kuku akamkwapua kuku mmoja wa rangi ya kijivu, akamtia kwapani, akapanda pikipiki yake na kuondoka naye. Kuku alilia mpaka barabarani. Kwa mama, kuku yule alifunga mjadala, kwa sababu mtaalamu wa serikali haondoki na kuku. Hata hivyo mama si mjinga, akanigeukia.

"Wewe ndiye uliyesoma. Yule alikuwa anatania, au lile la udongo ni kweli?"

Sasa nieleze nilichokuwa nakijua. Siku chache nyuma nilikuwa nimechukua udongo wa shamba lile kwenye kopo kwa ajili ya somo la darasa la sita. Nilikuwa nimeukoroga na maji mbele ya watoto, tukachovya karatasi ya litimasi ya bluu, ikageuka nyekundu, alama ya tindikali, nao wakapiga makofi. Nilijua kwa macho yangu. Nilijua pia kwamba magunia manne hayatoki mle bila chokaa, na kwamba kitanda kifupi kina mashuka masafi.

"Anatania, mama," nikasema. "Udongo unachacha wapi?"

Akatikisa kichwa, akarudi kwenye ungo wake. Nilihisi furaha ya mtoto aliyeiba sukari na kukuta kopo limefunikwa tena vizuri. Sitadanganya kwamba nilijisikia vibaya siku ile. Nilijisikia vizuri sana, na njiani nikanunua pazia la kile chumba.

Mvua zikanyesha. Mama akapanda, na mahindi yalipofika magotini akaleta chumvichumvi, safari hii mara mbili ya kawaida. Nilikwenda kumsaidia. Nilimshikia ndoo, nikatembea nyuma yake mstari kwa mstari, mwalimu mzima, nikimsaidia mama yangu kuharibu shamba lake. Mwezi wa kwanza majani yakaanza kuwa manjano. Mwezi wa pili kiduha kikachanua shamba zima, na yalikuwa maua mazuri mno.

Mwezi wa tatu bwana shamba akarudi, na siku hiyo hakupiga hodi ya utani. Alisimama ukingoni mwa shamba, kofia mkononi. Mimi na mama tulikuwa tunang'oa viduha na kuvirundika ili tuvichome.

"Mama, chokaa hukuweka?"

Mama akaninyanyulia macho. Hakunitazama kwa muda mrefu, ni kama mtu anavyotupia jicho sufuria kuona kama imechemka. Kisha akamgeukia yule bwana.

"Sikuweka. Nilidhani unatania. Masikio ya kizee haya."

"Hukumuuliza mwalimu hapa?"

"Mwalimu ana kazi zake," mama akasema. "Sikumuuliza."

Katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia mama akisema uongo. Huo aliusema kwa sauti ya kawaida kabisa, akiwa ameshika fungu la maua ya zambarau. Yule bwana naye akasema basi kosa ni lake, hakupaswa kuchanganya utani na kazi, na yule kuku angemrudisha kama asingekuwa amekwishaliwa. Watu wawili walikuwa wakigombania kosa langu, nami nilikuwa nimesimama katikati yao nikitazama viatu. Niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto. Nikainama, nikaendelea kung'oa viduha.

Mavuno yalikuwa gunia moja na madebe mawili. Mama hakulalamika. Aliwagawia majirani kuku wake, akafunga nguo zake kwenye shuka, akafunga nyumba, na mwezi wa sita akashuka kwenye bodaboda mlangoni kwangu.

"Nimekuja," akasema. "Chai ya maziwa iko wapi?"

Nilifurahi kwa siku nne hivi. Siku ya tano niliporudi kazini nilikuta ameng'oa ukoka wote niliokuwa nimeupanda mbele ya nyumba na kuumwagilia kwa miezi. Alikuwa ameurundika vizuri na kuukausha. "Ulikuwa na magugu mengi," akasema, akisubiri kushukuriwa. Wiki iliyofuata akahamia kwa jirani yetu, mama mmoja mtanashati aliyetoka Dar es Salaam, akamng'olea maua ya kwenye ndoo kwa sababu hayakuwa yanaliwa. Alianza kumwamkia kila alfajiri kupitia juu ya ukuta, "Mwangaluka!", na yule mama, asiyejua Kinyamwezi hata neno, akawa ananiuliza kwa wasiwasi ni kitu gani kimeanguka.

Hayo yalinichekesha. Yaliyobaki hayakunichekesha. Alifagia uwanja kabla jua halijachomoza, na ilipofika saa mbili alikuwa hana kazi nyingine mpaka jioni. Alikaa kwenye kiti, mikono mapajani. Nilipokuwa nikipika aliniuliza, "Nikusaidie, au nitakuharibia?" Siku moja nilimsikia akisema mlangoni mwa jiko, "Naomba maji ya kunywa." Mama yangu, aliyenizaa, aliyekuwa akiingia popote na kufunua sufuria yoyote, aliniomba maji ndani ya nyumba yangu. Nilimpa. Akasema ahsante. Nililia chooni siku ile, nikatoka nimenawa uso.

Alianza pia kukonda. Nilinunua unga mzuri wa dukani, mweupe kama karatasi. Alikula matonge mawili na kusema ameshiba.

Nilivumilia mpaka mwezi wa nane. Jumamosi moja asubuhi tulikuwa tunachagua michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwakatwa na kukaushwa, tukitoa vilivyoliwa na wadudu.

"Mama," nikasema, "yule mtani hakuwa anatania. Lile la chokaa."

"Najua."

"Na mimi nilijua. Siku ileile uliponiuliza."

"Na hilo najua." Akatupa kiazi kibovu. "Aliporudi, nilikuona ulivyotazama viatu vyako. Ulipokuwa mdogo, ukila sukari ulikuwa unatazama miguu hivyohivyo."

Nikamuuliza kwa nini basi alikuja. Akanishangaa.

"Niliahidi. Wewe ulinidanganya, sawa. Mimi ningejidanganya vipi?" Kisha akainamisha kichwa kunichungulia usoni. "Ulijuaje kwamba udongo umechacha?"

"Nilikuwa nimeupima na darasa la sita."

"Yaani watoto nao walijua?"

"Walijua. Walipiga makofi."

Nilitegemea kofi. Badala yake mama alianza kucheka, akacheka mpaka ungo ukamponyoka na michembe ikatawanyika sakafuni. "Shamba langu!" akasema akijifuta macho. "Shamba langu limepigiwa makofi na darasa la sita, na mimi mwenyewe sina habari!" Nikacheka naye, kwa woga kidogo, maana kwa mama kicheko hakimaanishi kwamba kesi imefutwa. Alipomaliza alisimama, akaingia chumbani, akatoka na shuka lake lenye nguo.

"Vaa viatu vya shamba," akasema.

Chokaa tuliinunua kwenye duka la pembejeo mjini, na samadi tukaipata kwa mfugaji mmoja upande wa Ntalikwa, aliyefurahi kuondolewa lundo lile zizini. Bwana shamba akaja kutuonyesha kipimo. Nilikiri kosa langu kwake mbele ya mama. Akanisikiliza kwa heshima, kisha akasema sasa ameelewa kwa nini babu zake waliwatoza babu zangu kwa kila mto, maana Mnyamwezi huwezi kumjua. Kuanzia hapo adhabu yangu ikawa kubeba mifuko yote kutoka barabarani hadi shambani, peke yangu, huku yeye na mama wakitembea nyuma wakiniimbia nyimbo za wapagazi walizozitunga palepale. Tuliimwaga chokaa kwa mikono na kuifukia kwa jembe. Jioni nilikuwa mweupe kuanzia nywele mpaka kope, na mama alisema ukinisimamisha stendi watu wataingia kuagiza vitumbua.

Msimu ule kiduha hakikuisha. Bwana shamba alikwishasema hakitaisha, na kilichanua hapa na pale, hasa kwenye ile kona ambako chokaa ilituishia. Lakini kwingine mahindi yalisimama wima na kupata ule ukijani mzito ambao nilikuwa nimeusahau. Mama alipita kati yake kila asubuhi kabla ya chai, na viduha vilivyothubutu alivitukana kwa Kinyamwezi kabla ya kuving'oa. Tulivuna magunia matano. Kuku walikwisharudishwa na majirani, isipokuwa mmoja tuliyemtuma kwa mtani.

Siku ya kupukuchua nilikwenda Itetemia asubuhi. Tulikaa kwenye turubai, mimi na yeye, lundo la magunzi likiongezeka katikati yetu. Nilikuwa najua kwamba nimeshindwa, kwamba hatakuja tena Chemchem labda kwa kubebwa, na nilikuwa nimekuja na uso wa kupongeza. Mama alipukuchua hindi moja mpaka likaisha ndipo akasema.

"Nilitaka kukuuliza. Ulifanya vile kwa sababu gani?"

"Magoti yako, mama. Na kisima..."

"Magoti yangu nayajua."

Nikapukuchua kidogo. Punje zilinichoma vidole.

"Nyumba ni kubwa," nikasema. "Nikirudi kazini hakuna mtu. Nilikuwa nafungulia redio niwasikie watu wakiongea. Sikutaka kuendelea kukaa peke yangu."

Sikuwa nimelisema hilo kwa mtu yeyote, hata kwa wanangu wanaponipigia simu. Mama akaacha kupukuchua.

"Mbona hukuniambia hivyo tangu mwanzo? Uliniambia vibaka."

"Ningekuambia, ungekuja?"

Alitazama nyumba, tundu la kuku, shamba lililobaki mabua.

"Nisingekuja," akasema. "Lakini ningejua."